Redio ya kwanza ya ridhaa kwa mkazi wa Dar es Salaam: ya mkononi au ya mawimbi mafupi?

Mwanzo wa mwaka mpwa wangu, kijana wa Tabata aliyesomea ufundi umeme, alinijia na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi: “Mjomba, nichukue Baofeng ya mkononi sasa hivi, au nivumilie nikusanye hela ya redio kubwa?” Nilimjibu kwamba jibu lake haliko dukani, liko kwenye mambo matatu ambayo muuzaji hatamwuliza: anataka kuzungumza na nani, antena ataiweka wapi, na leseni imefikia hatua gani. Haya ninayoyaandika ni jibu lile lile, nimelirefusha kwa ajili ya wengine wanaotaka kuingia katika redio za ridhaa, yaani redio zinazotumiwa na mwenye leseni kwa kujifunza, kufanya majaribio na kuwasiliana na wenzake duniani pasipo malipo wala biashara.

Nitasema mapema upande nilioegemea, ili msomaji anipime tangu hapa. Kwa mtu anayeishi Dar es Salaam, redio ndogo ya mawimbi mafupi, yaani mawimbi yanayofika hata nchi za mbali, yenye nguvu ya wati 20 ni chaguo la kwanza bora kuliko redio ya mkononi, ingawa bei yake ni mara nyingi zaidi, na ni bora pia kuliko ile kubwa ya wati 100 ambayo wengi huiota.

Redio ya mkononi

Baofeng UV-5R ndiyo inayojulikana zaidi. Katika maduka ya nje huuzwa kwa dola 25 hivi, inarusha kwa wati 4 hadi 5, betri yake ni ya volti 7.4, nayo inafunguka kuanzia megahezi 136 hadi 174 na kuanzia 400 hadi 520. Katika eneo letu la kimataifa la masafa, linalojumuisha Afrika na Ulaya, sehemu ya wanaridhaa ndani ya upana huo ni ndogo: megahezi 144 hadi 146, na 430 hadi 440. Kwingineko kote ni kwa wengine, wakiwamo walinzi wa makampuni, bandari na vyombo vya usalama, na redio hii haina kinachokuzuia kubonyeza kitufe ukiwa juu ya masafa yao. Kwa hiyo urahisi wake ndio hatari yake. Fundi mwenye kipimo atakuonyesha pia kwamba baadhi ya redio za aina hii hurusha mawimbi ya ziada nje ya masafa uliyochagua. Yaesu FT-65R, inayouzwa kwa takriban mara tatu au nne ya bei hiyo, imejengwa kwa uimara zaidi na mawimbi yake ni safi zaidi. Ukiamua kwamba ya mkononi ndiyo yako, tofauti hiyo ya bei haipotei bure.

Lakini tatizo kubwa la redio ya mkononi hapa mjini halimo ndani ya redio yenyewe. Mawimbi ya masafa haya husafiri karibu sawa na macho yanavyoona, yakipinda kidogo tu kufuata mviringo wa dunia. Mafundi hukadiria umbali huo kwa kuzidisha kipeuo cha pili cha kimo cha antena, kwa mita, na 4.12, na jawabu huwa kilomita. Mtu aliyesimama barabarani na redio mkononi, mita moja na nusu kutoka ardhini, anapata kilomita 5. Mwenzake akiwa vilevile, wote wawili wana kilomita 10 penye uwanda mtupu, na Kariakoo yenye maghorofa si uwanda mtupu. Ukipanda juu ya jengo lenye kimo cha mita 30 upeo wako unakuwa kilomita 22 na ushee. Kufika Unguja, ambayo iko umbali wa kilomita 70 hivi, kungehitaji antena zenu zote mbili ziwe juu zaidi ya mita 70. Katika miji ambako redio hizi zimeshamiri, pengo hilo huzibwa na repita zilizowekwa vilimani, zinazopokea sauti dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu. Bila repita iliyo karibu na bila wenzako kadhaa wenye leseni katika mtaa au wilaya, redio ya mkononi hubaki ikikoroma juu ya kabati.

Nisiionee, hata hivyo. Kuna kazi moja ambayo redio ya mkononi huifanya vizuri kuliko redio kubwa ya mawimbi mafupi, nayo ni kusikiliza angani. Kituo cha Kimataifa cha Anga hupita juu ya upeo wetu mara kadhaa kwa siku, kila mara kwa dakika zisizozidi kumi hivi, na sauti za wanaanga wanapozungumza na wanafunzi husikika kwenye megahezi 145.800. Ukitoka nje, ukaiinamisha antena badala ya kuielekeza kama kidole kwenye kituo chenyewe, sauti hutoka safi ajabu. Kusikiliza hivyo ni starehe ya bei nafuu, na kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari ni kipindi kizima cha darasa.

Redio za mawimbi mafupi: wati 20 au 100

Hapa nitalinganisha mbili ambazo watu hunitajia mara nyingi, Xiegu G90 na Icom IC-7300. G90 inarusha wati 20 kuanzia bendi (fungu la masafa linaloitwa kwa urefu wa wimbi lake) ya mita 160 hadi ya mita 10, ina uzito wa kilo moja na nusu na ushee, na bei yake katika maduka ya nje ni dola 450 hivi. IC-7300, iliyotoka mwaka 2016, inarusha wati 100, inaongeza bendi ya mita 6, ina kioo cha kugusa na soketi ya USB inayoingia moja kwa moja kwenye kompyuta, na bei yake huzidi dola 1,000. Ipo pia Yaesu FT-891, ya wati 100 katika umbo dogo linaloingia kwenye gari, lakini haina ndani yake kisawazishi cha antena, yaani kifaa kinachoilinganisha antena na redio, kwa hiyo anayeanza huishia kununua kifaa cha pili ambacho hakukipangia bajeti.

Kwa ubora wa kupokea na kwa raha ya matumizi, IC-7300 inashinda, na anayesema vinginevyo hajaitumia. G90 ina kioo kidogo ambacho sisi wenye miwani tunakiona kwa kukunja uso, na kuiunganisha na kompyuta kwa mawasiliano ya kidijitali kunahitaji kifaa cha pembeni. Ila swali la mkazi wa Dar es Salaam ni kama tofauti hiyo inastahili bei maradufu na zaidi, pamoja na mahitaji ya umeme yanayoambatana nayo. IC-7300 ikirusha kwa nguvu zote hunywa ampea 21, hivyo inataka pawasaplai ya ampea 25 au 30, au betri kubwa yenye nyaya nene. G90 haizidi ampea 8. Siku umeme unapokatika, betri ya kawaida ya sola, ya aina iuzwayo kila mahali mjini, itaibeba G90 jioni nzima, kwa sababu muda mwingi mtu husikiliza kuliko anavyozungumza, na katika kusikiliza redio hiyo hutumia karibu nusu ampea tu.

Na hizo wati 80 za ziada zinanunua nini? Kutoka 20 hadi 100 ni desibeli 7, yaani zaidi kidogo ya hatua moja katika mita ya nguvu ya mawimbi aliyonayo anayekusikiliza kule Italia. Hatua moja huonekana siku mbaya. Siku nzuri hata haitambuliki. Zaidi ya hapo, mkazi wa Tanzania anayo nguvu ambayo haiuzwi dukani. Alama zote za wito, yaani majina ya vituo hewani, za nchi hii huanza na herufi tulizogawiwa na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, nazo kwa wanaridhaa ni 5H. Vituo vya 5H vinavyosikika hewani ni vichache mno, na duniani kuna maelfu ya watu wanaokusanya nchi kama wengine wanavyokusanya stempu. Mtu wa Ujerumani mwenye wati 100 huita kwa dakika kumi bila kuitikiwa. 5H mwenye wati 20 huita mara moja, akajikuta amezingirwa. Nimewahi kumwachia maikrofoni mwanafunzi aliyekuwa akijifunza chini ya uangalizi wangu, akaita mara mbili tu, akanigeukia akiwa ametoa macho, kwa maana zilizojibu zilikuwa sauti nyingi kwa pamoja, hakuna hata moja iliyosikika neno kwa neno.

Ipo njia ya kulipima jambo hili kwa kifaa cha kupokea tu, kabla ya kununua redio ya kurusha. Duniani kuna vituo 18 vya majaribio vinavyopokezana kwenye masafa yaleyale, mathalani megahezi 14.100 na 28.200, kila kimoja kikipata sekunde kumi, na mzunguko wote ukikamilika kwa dakika tatu. Kenya inacho kimoja, 5Z4B. Pretoria wana ZS6DN, Israeli 4X6TU, na Finland OH2B. Kila kituo hutaja alama yake kwa Morse, ile alfabeti ya milio mifupi na mirefu, kikiwa na wati 100, kisha hutoa milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa 10, wa tatu kwa wati 1, wa nne kwa sehemu ya kumi ya wati. Ukiusikia mlio wa pili ukiwa nyumbani kwako, umejua kwa masikio yako kwamba wati 20 zinatosha kwa safari hiyo, na muuzaji hana la kukwambia.

Antena, ambako fedha inapaswa kwenda

Nikilazimika kuchagua kati ya redio ya dola 1,000 yenye antena ya mashaka na ya dola 450 yenye antena iliyoinuliwa vizuri, sihitaji kufikiri. Antena ya kuanzia ni waya uliokatwa katikati, kila mkono ukiwa robo ya urefu wa wimbi. Gawa 143 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wote kwa mita: kwa 14.2 ni mita 10 na sentimita 7, yaani mikono miwili ya mita 5 hivi, kwa 28.4 ni mita 5, na kila mkono mita mbili na nusu, urefu unaoingia hata kwenye baraza la ghorofa la Upanga. Waya wa kawaida wa kufunga umeme wa nyumba, milimita 1.5, unafaa kabisa.

Mwenye kiwanja Mbezi, Kigamboni au Tegeta ana mlingoti ambao Mjerumani hana: mnazi. Mlipe mkwezi apande na roda ndogo na kamba ya nailoni, aifunge kimo cha mita 10, nawe uivute antena hadi juu kwa sehemu yake ya katikati, mikono yake ikishuka kama paa la nyumba. Waya ukielekea mashariki na magharibi, nguvu yake kubwa huenda kaskazini na kusini, na Ulaya iko kaskazini mwetu. Usiiweke juu ya mabati kwa kimo cha mita moja ukitarajia miujiza. Mabati huvuruga vipimo vyake, na kisawazishi kitahangaika. Hapa G90 ina sifa ambayo kubwa yake haina, kwa kuwa kisawazishi chake cha ndani husamehe antena iliyo mbali na kipimo sahihi, ilhali kile cha IC-7300 hukoma pale kipimo cha upotofu huo, SWR, kinapofika uwiano wa tatu kwa moja. Kwa antena ya mtu anayejifunza, msamaha huo una thamani kubwa.

Kebo nayo isichukuliwe kwa mazoea. Mita 30 za RG-58, aina ya kebo nyembamba ya antena, kwenye megahezi 14 hupoteza karibu theluthi ya nguvu, jambo linalovumilika. Urefu huohuo kwenye megahezi 145 hupoteza robo tatu. Walio karibu na bahari, Msasani na Kunduchi, wafunge koneta zao kwa mpira wa kuzuia maji na wazikague kila mwaka, maana hewa ya chumvi hula shaba kimyakimya. Wakati wa masika, chomoa kebo ya antena na uitoe nje kabla ya radi, si baada ya kuisikia.

Kelele za nyumbani

Hili halimo katika ulinganisho wa redio zozote, na ndilo linaloamua mambo. Taa za LED za bei ya chini, chaja za simu, inveta za sola na adapta za ving’amuzi hutoa mawimbi machafu yanayofunika bendi nzima. Nyumbani kwa mpwa wangu tuliweka redio kwenye betri, sindano ya mita ya nguvu ya mawimbi ikawa imesimama kwenye saba pasipo kituo chochote. Tukazima swichi kuu iliyo pembeni ya mita ya LUKU, shangazi yake akilalamika kuwa tumemkatia tamthilia, na sindano ikashuka hadi tatu. Tuliwasha swichi moja moja hadi tukampata mhalifu: adapta ndogo ya king’amuzi, si friji wala feni tuliyoishuku. Kuibadilisha kulituletea faida kubwa kuliko kutoka wati 20 hadi 100, kwa sababu kituo usichokisikia huwezi kukijibu, hata ukirusha kwa nguvu kiasi gani.

Leseni: hapa au kupitia nje

Mwenye mamlaka ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo ofisi zake ziko Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma. Kurusha bila leseni ni kosa, na redio zinazoingia nchini zinahitaji kuwa zimeidhinishwa. Ushauri wangu ni kwenda hapo ana kwa ana kabla ya kulipia redio yoyote, ukiwa na kitambulisho na karatasi ya maelezo ya kiufundi ya redio unayoitaka, uulize fomu na ada ya sasa, na uhakikishe kama aina hiyo inaingizwa bila tatizo. Mimi mzigo wangu wa kwanza ulikaa ghalani wiki nyingi, na kosa lilikuwa langu: niliagiza kwanza, nikatafuta karatasi baadaye.

Baadhi ya vijana huamua kufanya mtihani wa Marekani kwa njia ya mtandao, mbele ya wasimamizi wa kujitolea. Daraja la kwanza, Technician, lina maswali 35 na anayefaulu hupata angalau 26. La pili, General, ni idadi hiyohiyo. Ada ya tume yao ya mawasiliano, FCC, ni dola 35, na wanataka anwani ya posta iliyoko Marekani. Faida yake ni kwamba benki yote ya maswali iko wazi kusomwa bure, na ni mtaala mzuri kwa yeyote. Lakini Technician anapewa sehemu ndogo mno ya mawimbi mafupi kwa sauti, hivyo anayekwenda njia hiyo alenge General. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba cheti hicho hakimpi mtu haki ya kurusha akiwa Kinondoni. Ni ushahidi wa ujuzi wa kuambatisha kwenye maombi, basi. Kanuni za ITU zinaitaka kila nchi ihakikishe ujuzi wa anayeomba, na tangu mwaka 2003 zimeiachia kila nchi uamuzi wa kudai Morse au kutodai. Kati ya njia hizi mbili, naona ya TCRA ndiyo ya lazima, na ya Marekani ni masomo ya ziada kwa mwenye nafasi.

Muda wa kusubiri leseni usipotee. Kifaa cha kupokea tu cha aina ya RTL-SDR, cha dola 30 hadi 40, kinachochomekwa kwenye kompyuta, kitakufundisha kutambua bendi, saa zake na kelele za nyumba yako, na hakina namna ya kurusha kimakosa.

Hiyo ndiyo njia aliyoichukua mpwa wangu. Baofeng hakuinunua, laki mbili alizokuwa nazo ziligawanyika kati ya kifaa hicho cha kupokea, waya, kamba na mkwezi, na fomu zake ameshaziwasilisha. Kila jioni huandika kwenye daftari vituo anavyovisikia, na safu ya saa ndiyo iliyompa taabu zaidi: saa moja jioni yetu ni 19:00 ya Afrika Mashariki, lakini wanaridhaa duniani kote huandika saa ya kimataifa, ambayo wakati huo ni 16:00. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake umejaa mistari iliyokatwa, na chini kabisa, kwa wino wa rangi nyingine, ameandika 4X6TU, milio mitatu.